Siku ya kwanza kwenye basi la watalii Ulaya: Roma itakungoja, wewe nenda ukajulikane

Swali limetoka kwa mama mmoja fundi cherehani wa Likoni, ana miaka 58. Aliandika hivi: “Mwanangu alioko Doha amenilipia tua ya basi siku tisa, Roma mpaka Paris, mwezi wa tisa. Tikiti ni Mombasa, Addis, Roma. Mie sijapanda ndege hata siku moja, na nje ya Kenya nimefika Tanga tu, harusini. Naenda peke yangu, kundi lenyewe ni la watu wa nchi tafauti tafauti na kizungu changu ni cha kuombea maji. Hiyo siku ya kwanza itakuwaje? Ntakaa na nani, ntakula nini, na nikipotea je?”

Salaam aleikum dadangu, na hongera, mwana kama huyo Mungu akuwekee.

Swali lako nimelisoma mara mbili nikacheka, si kwa ubaya, nimecheka manake hayo maswali yako matatu ndo yaleyale niliyokuwa nayaona kwenye nyuso za wazungu pale Moi International. Miaka kumi na tisa nimesimama pale nje na kibao changu cha majina. Mzungu ana miaka sitini, huko kwao ni mtu na heshima zake, lakini akitoka tu mlangoni, joto limpige, boda wamwite, basi analikumbatia begi lake kama mtoto alosahauliwa Mwembe Tayari. Sasa zamu ni yako, wewe ndo mtalii. Na mie baada ya kupokea wageni miaka yote hiyo nikaanza kupeleka watu wetu nje, Uturuki, Italia na kwengineko, kwa hivo nakujibu kutoka pande zote mbili za kibao.

Jambo kubwa nalokwambia ni hili, mengine yote yanatoka humo. Siku ya kwanza usijisumbue na kuona Roma. Ile Kolosiamu yao imefunguliwa mwaka wa 80, haiondoki leo. Kazi yako siku hiyo ni moja tu, usiku ukiingia uwe unajulikana. Kiongozi wa tua akujue jina na akijue chakula chako, dereva akujue sura, na humo ndani ya basi wawepo angalau watu wawili ambao wasipokuona watasema ngoja kwanza, yule mama wa Mombasa yuko wapi? Ukishapata hayo, siku nane zilobaki zitateleza zenyewe. Ukiyakosa utakuwa unakimbizana na kundi mpaka Paris.

Hili nalijua manake lilinikuta. Mara yangu ya kwanza kwenda kama mgeni, si kama mfanyakazi, nlijitia ujuaji, nkasema mie mtu wa kazi hii, nkaenda kukaa siti ya nyuma kabisa, sikumsalimia mtu, wala sikumwambia kiongozi kuwa mie nguruwe sili, nkadhani ofisi ilonikatia tua imeshawaambia. Haikuwaambia. Siku mbili nzima nimekula mkate na saladi huku nimenyamaza, na ya tatu nkaachwa kwenye kituo cha mafuta, basi limeshatoka kama mita mia mbili ndo bibi mmoja akapiga kelele kuwa kuna mtu hayupo. Yule bibi ndo alikuwa mtu pekee nlomsalimia safari nzima, tena nlimsalimia kwa bahati tu, alikuwa ameangusha miwani.

Haya, tuanze uwanjani. Uwanja wa Roma unaitwa Fiumicino, uko upande wa bahari, kama kilomita 30 kutoka mjini. Ndege za usiku kutoka Addis hufika asubuhi mapema. Utafuata watu, utafika foleni ya paspoti. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia visa moja) zimeanza kuandikisha wageni kwa kompyuta, unapigwa picha ya uso, kuingia kwako na kutoka kwako kunasajiliwa humo badala ya ule muhuri wa zamani. Vidole ulishatoa ulipoomba visa. Kwa hivo ukiambiwa simama hapa utizame kamera usidhani umeshukiwa, wote wanapigwa. Askari akikuuliza waenda wapi wakaa siku ngapi, hicho kizungu chako kiache kipumzike, wewe mpe karatasi: vocha ya tua, tikiti ya kurudi, na ile bima ya matibabu ulokata kwa ajili ya visa (yenye kinga ya yuro 30,000), ikiombwa. Karatasi hizi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zimechapwa, si kwenye simu peke yake, manake simu huzima charge pale pale unapoihitaji, sijui huwa imeapa.

Chakula cha kwenye begi, hapa nakujua dadangu, mama wa Pwani hatoki bila kitu. Skiza vizuri. Nyama na maziwa na vitu vyake haviruhusiwi kuingizwa Ulaya kutoka kwetu, kwa hivo sambusa za nyama, samli, jibini, hivyo vyote acha nyumbani. Maembe pia acha, hata kama ni ya shambani kwako. Matunda yaloachiwa kuingia bila cheti ni matano tu, nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani (hilo la mwisho sikushauri, ndege nzima itakulaani). Tende basi ndo rafiki yako. Mahamri ya tui hayana neno, korosho za kukaanga hazina neno, na achari ya maji maji usiiweke mkobani manake kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 kwa kawaida hakipiti kwenye ukaguzi wa mabegi ya mkononi, itie kwenye begi kubwa uifunge nailoni tatu.

Ukitoka na begi lako, kabla hujamtafuta mtu wa kibao, nunua chupa ya maji. Si kwa kiu, ni kwa chenji. Hapa Mombasa ukibadilisha pesa watakupa noti tupu, na noti ya hamsini haifungui mlango wa choo. Barabarani huko vyoo vyengine ni vya kulipia, senti hamsini, yuro moja, na mtu mzima kubanwa huku ameshika noti kubwa mkononi si jambo la kuchekesha, ingawa mie nimelicheka. Noti za tano na za kumi ziombe huku huku kabla hujaondoka.

Mtu wa kibao atakuwepo lakini huenda akakwambia ungoje. Watu wa kundi wanakuja na ndege tafauti tafauti, wa Sydney, wa Toronto, wa Manila, na hao mabosi wa usafiri hawatoi gari kwa mtu mmoja mmoja. Saa nzima, saa mbili, unaweza kukaa hapo. Hapo ndo kazi yako inapoanza. Utaona watu wamekaa na vibandiko vya rangi moja na kile kibandiko cha tua kwenye begi lako, wote wamejikunyata kila mtu na simu yake. Nenda kakae karibu, sema “Hello, I am from Mombasa, Kenya”, kisha toa tende. Huna haja ya neno lingine. Tende ile inafanya kazi ya sentensi kumi, na hao watakaoichukua ndo wale watu wako wawili.

Kisha mtapanda gari mwende hotelini na hapa nataka kukutayarisha moyo. Wajua mtalii wetu kule kwao ameona picha za Diani, mchanga mweupe, mnazi umeinama, basi anashuka Moi International na kitu cha kwanza anachokiona ni malori ya Changamwe, tena foleni, tena Makupa. Nlikuwa nawaona kwenye kioo wanatizamana, kila mmoja anajiuliza nimeibiwa? Nawaambia subirini, bahari yaja. Na wewe vile vile, utaona magodauni, vituo vya mafuta, mabango, na barabara kubwa inayouzunguka mji, waiita Raccordo, kilomita 68 mzunguko mzima, na hoteli yako kuna uwezekano mkubwa iko kando kando ya hiyo barabara au hata nje yake. Kwenye karatasi wameandika Roma, na uongo si uongo. Ni bei, halafu pia mabasi makubwa ya watalii hayaruhusiwi kujiingilia katikati ya Roma ovyo, kuna maeneo na vibali vya kulipia, kwa hivo hoteli ya pembeni ndo inayomfaa dereva. Usimpigie mwanao Doha ukalia. Ngoja kesho.

Hotelini utafika pengine saa tatu nne asubuhi, na chumba hupewi mpaka saa nane mchana hivi. Hiyo ni kawaida ya hoteli huko. Begi kubwa linawekwa stoo, wewe ubaki na mkoba, kwa hivo ndani ya mkoba uwe na nguo moja ya kubadili, dawa zako, mswaki, kandambili. Halafu mtu wa mapokezi atakuomba paspoti. Mpe. Sheria ya Italia inamtaka mwenye hoteli kupeleka majina ya wageni polisi, wote, wawe wazungu wawe nani, ndo maana anaichukua anaandika anakurudishia. Nimeona watu wetu wanaing'ang'ania paspoti pale kaunta kama wanavutana kamba, mpaka aibu naona mie. We subiri tu pale pale mpaka aimalize, uichukue, uiweke shingoni. Anaweza pia kukudai kodi ya mji, ni yuro kadhaa kwa kichwa kwa kila usiku kufuatana na nyota za hoteli, tua nyengine wameshaijumlisha nyengine la, soma karatasi yako.

Kama hukulipiwa chumba cha peke yako, na wengi hawalipi manake nyongeza yake ni kali, utawekwa na mwanamke mwenzio usomjua. Hili hukuuliza lakini ndo linaloharibu safari za watu kuliko hata chakula. Yamalizeni saa ya kwanza, kabla hamjafungua mabegi. Mwambie naamka alfajiri kuswali, taa ntawasha ya chooni tu. Nani aoge usiku nani asubuhi. Kama wakoroma sema nakoroma, mcheke yaishe. Mkikaa na adabu ya kuoneana haya mpaka siku ya nne, itakuja kulipuka kwa kitu kidogo, taulo au dirisha.

Na sasa nakupa habari njema ambayo hakuna wakala atakwambia. Choo cha Italia kina maji! Kile kijibeseni kando ya choo ndo chenyewe, bide, na tangu 1975 sheria yao inataka nyumba iwe nacho, mahoteli mengi nayo yanacho. Raha hiyo ifurahie mapema manake mkishavuka kwenda Uswisi na Ufaransa utakuwa huioni sana, na hapo kijikopo cha plastiki ulichobeba kutoka nyumbani ndo kitakufaa. Kijikopo beba, usione haya. Kibla nacho, sisi hapa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja, Makka tuko nayo karibu mstari mmoja, lakini kutoka Roma Makka iko kusini mashariki, kwa hivo weka programu ya kibla kwenye simu kabla ya safari, usikisie kwa jua. Na wewe ni msafiri, swala zako za kupunguza na kukusanya unazijua, mchana wa basi zitakusaidia sana hizo.

Usilale mchana. Najua umekesha kwenye ndege lakini angalia hii bahati yako, Roma mwezi wa tisa iko nyuma yetu saa moja tu, mwili wako hata haujui kama umehama. Wenzio wa New York wamepoteza saa sita, wa Sydney saa yao iko mbele saa nane, hao ifikapo jioni watakuwa wanasinzia juu ya supu. Wewe macho makavu. Mtu wa kizungu cha kuombea maji, kwenye meza ya watu walolewa usingizi, huwa ndo msemaji mkuu, mie nimeshuhudia. Oga, tembea nje ya hoteli dakika ishirini, rudi.

Jioni kuna kikao. Kampuni karibu zote wanafanya, saa kumi na mbili hivi, kiongozi anajitambulisha, anaeleza ratiba. Hicho usikikose hata kama kichwa chauma. Na hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili peke yetu, mtego wa saa. Yeye atasema au ataandika ubaoni 7:30, na hiyo ni saa moja na nusu asubuhi yetu, si saa saba na nusu. Wacheka, lakini nlikuwa na mzee mmoja wa Mji wa Kale, kule Istanbul, mtu msomi tu, kiongozi kasema eight, mzee kaandika 8 kwenye kiganja, kaswali alfajiri, kalala zake vizuri akingoja saa nane mchana. Basi zima limemngoja dakika ishirini. Na huko wanapenda saa ya ishirini na nne, 18:30, 19:45, kwa hivo tega simu isome hivyo hivyo na kwenye daftari yako uandike kwa Kiswahili pembeni. Kisha mtafute mwenzako wa chumba, mwoneshe kwa vidole, thibitisha.

Na kuchelewa, dadangu, hapo nakuomba. Polepole yetu tunaipenda lakini basi la watu 45 likimngoja mtu dakika tano, kwa wale 44 ni saa tatu na dakika arobaini za watu zimekwenda, piga hesabu uone. Halafu si kiburi cha dereva. Sheria ya Ulaya inamfunga, akiendesha saa nne na nusu lazma apumzike dakika 45, kwa siku kuendesha ni saa tisa, mara mbili tu kwa wiki anaruhusiwa kumi, na usiku lazma apate mapumziko yake marefu, tena kuna mtambo ndani ya gari unarekodi kila kitu, polisi akimsimamisha anausoma. Si kama basi letu la usiku kwenda Nairobi ambapo makanga anasema tutafidia mbele. Huko hakuna kufidia mbele. Dakika ulizokula wewe asubuhi zinakatwa jioni, mnafika Florence duka limefungwa, na watu 44 wanajua ni nani.

Kwenye kikao hicho hicho watapitisha karatasi ya safari za ziada, Roma usiku, sijui chakula na waimbaji, sijui mashua Venice, kila moja na bei yake juu ya hela alizolipa mwanao. Usitie tiki zote usiku huo. Kiongozi mwengine kipato chake kiko humo humo, mie nimekaa upande huo siwezi kujifanya sijui. Uliza mambo mawili, tunatembea kwa mguu dakika ngapi, na hiyo bei ndani yake mna nini. Ile ya Roma usiku kama ipo mie ningechukua, mji ule ukiwashwa taa ni mwengine kabisa. Mashua ya Venice ngoja ufike uione kwanza kwa macho. Wewe ni mtu wa Likoni, umevuka maji bure miaka na miaka.

Watu wakitawanyika wewe bakia. Mwendee kiongozi, mpe mkono (au weka mkono kifuani, wameshazoea), sema jina lako polepole, halafu mpe kikaratasi. Hicho kikaratasi mwambie mwanao akuandikie kwa kizungu na kitaliano kabla hujaondoka: huyu mama hali nguruwe, hanywi pombe wala chakula kilopikwa na pombe, samaki na mboga anakula. Kampuni iliambiwa, ndiyo, lakini yule anayekaa mezani na weita ni kiongozi si kampuni. Na wewe mwenyewe ushike majina machache manake Italia nguruwe anavaa majina mazuri mazuri, prosciutto, pancetta, guanciale, salame. Tambi za carbonara na amatriciana, hizo za Roma zenyewe, zina mafuta ya shavu la nguruwe, ziache. Tambi za nyanya, pizza ya margherita, samaki wa kuchoma, endelea. Ile keki ya tiramisu mara nyingi inatiwa pombe, uliza. Pilipili yako ya kukaanga beba kijichupa, kile chakula kina ladha lakini hakina kelele.

Sasa ntakaa na nani. Mabasi mengi ya hizi tua siti zinazunguka, leo uko mbele kesho unasogezwa nyuma, ili wote wafaidi dirisha. Kwa hivo usikimbilie kuweka leso kwenye siti kama tunavyoshika nafasi kwenye matatu ya Mtongwe, itakuwa ugomvi. Siti za mbele kabisa mara nyingi ni za kiongozi. Kama gari linakuchafua moyo, sema mapema siku hiyo hiyo, watakuacha mbele, na tangawizi mdomoni. Mkanda funga, ni sheria. Choo cha ndani ya basi kipo lakini mara nyingi kimefungwa, usikitegemee, kila mkisimama nenda hata kama hujisikii. Na asubuhi ukipanda mtaje dereva kwa jina. “Buongiorno” halafu jina lake. Nakwambia nikiwa nimekaa kwenye hicho kiti cha dereva: katika wageni arobaini, aliyenitaja jina siku ya kwanza ndiye niliyekuwa namtafuta kwa kioo kabla sijaondoa gari. Si kupenda, ni jicho tu linakwenda kwake.

Ikiwa jioni hiyo mtapelekwa mjini kwa mguu, viatu vya kuzoeleka, si vipya, manake barabara za kale zimejengwa kwa vijiwe vyeusi vya mraba, vinateleza na vinakunja kifundo. Ukivuka barabara angalia kushoto kwanza! Magari yao yanapita kulia na sisi miili yetu imefunzwa kinyume. Maji ya kunywa usinunue tena, Roma ina mifereji ya chuma zaidi ya elfu mbili mitaani, inatiririka mchana na usiku, maji baridi safi, jaza chupa. Zile ngazi maarufu za Kihispania usikae juu yake, tangu 2019 ni faini.

Na kuna vijana watakuona hivi mweusi mwenzao, watakuja na kelele “Africa! Mama Africa! Hakuna matata!”, mara mkono wako umeshafungwa kikuku cha uzi, ni zawadi, kisha zawadi inaanza kudai yuro kumi. Dadangu, wewe umekulia na beach boys, hilo somo ulishafaulu. Mkono uweke ndani ya buibui, cheka nao, pita. Wachomoaji nao wapo, hasa kwenye msongamano wa stesheni na metro, pochi iwe mbele si ubavuni.

Ukipotea. Kwanza, kabla hujatoka hotelini, piga picha tatu: kadi ya hoteli, namba ya basi yenyewe (mabasi meupe yako ishirini yamepangwa mstari, nlishawahi kumtoa mtu ndani ya basi la Wakorea, amekaa na furaha zake), na kiongozi mwenyewe na ile bendera au mwavuli wake. Ingia kwenye grupu ya WhatsApp jioni hiyo hiyo ukiwa kwenye waifai ya hoteli. Halafu ukigeuka ukaona huwaoni, simama. Usiwafuate. Wewe ukitembea na wao wakirudi mtazungukana mpaka usiku, mtu alosimama palepale alipoonekana mwisho anapatikana, mie sijapata kumkosa hata mmoja. Tafuta ukuta, tuma picha ya ulichokiona mbele yako, kaa, kula tende. Ikizidi nusu saa onesha kadi ya hoteli kwa polisi au mwenye duka. Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112.

Usiku chaji simu, na hapo utajua plagi yetu ya meno matatu ya mraba haiingii, wao kawaida ni meno mawili ya mviringo, adapta nunua Mombasa ni bei ya chai. Mtumie mwanao salamu, mtumie picha ya kiongozi na ya mwenzako wa chumba, naye awajue.

Kitu cha mwisho, leso beba pea nzima. Kipande kimoja kiwe cha ndani ya basi manake AC yao haina huruma, tena ni mto, tena ni mswala. Kipande cha pili kifunge kwenye mpini wa begi, mabegi 45 meusi yakishushwa usiku ni lako peke yake litakaloonekana toka mbali. Na jina la leso chagua lolote unalopenda, hata lile la kumfumba jirani, manake mpaka Paris hakuna atakayelisoma.